Tunatibu kidonda na kuusahau mguu

Mwezi uliopita nilikwenda kumjulia hali mwalimu aliyenifundisha Kiswahili nilipokuwa darasa la sita. Ni yeye aliyenifunza ngeli kwa kuzipanga ubaoni kama watoto wa ukoo mmoja, na iwapo leo ninalipwa mshahara kwa kuwafafanulia wanafunzi wa chuo kikuu miundo ya nomino za Kibantu, chimbuko la riziki hiyo ni chaki yake. Nilimkuta ameketi barazani, mguu wa kushoto ameuweka juu ya kigoda, umezongwa kitambaa. Nilipoinama kumwamkia, pua yangu ilipata harufu, naye akaisoma habari hiyo usoni mwangu kabla sijaificha.

"Mwanangu," akasema, "usinisikitikie. Waswahili walikiita donda ndugu, na kweli kimekuwa ndugu. Huu ni mwaka wa saba tunalala kitanda kimoja."

Alinisimulia safari yake. Alikuwa bado kazini wakati mguu ulipoanza kuvimba kila jioni na kunywea kila asubuhi. Baadaye ngozi ya juu ya kifundo, upande wa ndani, iligeuka rangi ikawa nyeusi zaidi na ngumu kama ngozi ya ngoma. Siku moja aligonga ukingo wa dawati, akachubuka kidogo, na mchubuko huo haukufunga tena. Alichomwa sindano za viuavijasumu katika zahanati moja, akaandikiwa vidonge katika nyingine. Muuza dawa mmoja alimshauri afungue vidonge vya rangi mbili na kuunyunyiza unga wake ndani ya kidonda. Alipaka asali, akapaka majani, akapaka dawa ya zambarau. Jirani akamnong'oneza kwamba amekanyaga kitu alichotegewa njiani na mwenzake aliyemwonea kijicho, na kwa ajili hiyo mbuzi wawili walitoka zizini. Katika miaka hiyo yote, watu walikitazama kidonda. Hakuna aliyeutazama mguu.

Mimi si daktari wa tiba. Udaktari wangu ni wa maneno. Hata hivyo, ziara ile ilinitia ari ya kusoma, na nilichokisoma kimenitia uchungu kuliko kilichonishangaza, kwa sababu sehemu kubwa yake si habari mpya. Ni elimu iliyokwisha kukomaa, iliyobaki imefungiwa katika lugha ambayo mama zetu hawaambiwi mambo kwayo.

Na nianze na neno, maana huko ndiko ninakoijua njia. Waingereza na Wafaransa wamerithi neno la Kilatini, inflammatio, lililozaliwa na flamma, yaani mwali wa moto. Mjerumani husema Entzündung, kutokana na kitenzi cha kuwasha. Mwarabu husema iltihab, na ndani yake mna lahab, mwali. Lugha zote hizi zimeutia moto ndani ya jina la hali hiyo. Sisi tulikopa kwa Waarabu tabibu, dawa, afya na maradhi, lakini iltihab hatukuichukua. Aghalabu tunasema uvimbe, basi. Celsus, mwandishi wa Kirumi aliyeishi karne ya kwanza, aliorodhesha dalili nne za hali hiyo: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Kiswahili cha kila siku kimeteua moja kati ya nne na kuziacha tatu mlangoni. Matokeo yake ni kwamba neno hilohilo moja hubeba maji yaliyojaa mguuni, tezi, nundu, saratani na jipu. Na mgonjwa aambiwapo kwamba ana uvimbe, hudhani kuna kitu kilichoingia ambacho yafaa kitolewe.

Kamusini lipo neno mchochota, na wapo wanatiba wanaolitumia. Nitalitumia hapa, nikimaanisha ile hali ya mwili kuwasha moto wake wenyewe mahali palipodhurika ili kujikinga na kujitengeneza. Msomaji mwenye neno bora na alilete.

Kabla sijaendelea, nidokeze jambo moja kuhusu orodha ya Celsus. Wekundu anaoutaja ni wekundu wa ngozi ya Mrumi. Kwenye ngozi nyeusi mchochota hauonekani mwekundu. Huonekana kama kiza kilichozidi, pengine chenye kuelekea zambarau, na mkono huutambua upesi kuliko jicho kwa sababu mahali hapo pana joto. Mwanafunzi wa Biolojia anayekariri "wekundu" kwa ajili ya mtihani anaweza kuupita mguu wa nyanya yake kila siku asiuone.

Sasa tuutazame mguu wenyewe. Damu hushuka miguuni kwa nguvu ya moyo, lakini kupanda kwake ni kazi ambayo mguu husaidia sana kuifanya. Mtu anapotembea, misuli ya shavu la mguu hukaza na kulegea, ikaikamua damu iliyo ndani ya vena, yaani mishipa irudishayo damu moyoni. Ndani ya vena mna vali, vilango vidogo vinavyofunguka kuelekea juu tu. Fabricius, aliyefundisha Padua, Italia, alizieleza vali hizo katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1603, akidhani kwamba ni za kupunguza kasi ya damu isije ikafurika miguuni. Aliyekuwa mwanafunzi wake, Mwingereza William Harvey, ndiye aliyeng'amua kwamba vilango hivyo vinaielekeza damu moyoni, na mwaka 1628 akazitumia kuonyesha kwamba damu huzunguka. (Walimu wenzangu, msione haya mwanafunzi akiwazidi.)

Mtu mzima anaposimama wima bila kujongea, shinikizo ndani ya vena zilizo karibu na kifundo hufikia kiasi cha milimita 80 hadi 90 za zebaki. Akianza kutembea, hatua chache tu hulishusha hadi karibu 30 au chini yake, kwa kuwa misuli inakamua na vali zinazuia damu isirudi. Lakini vali zikiharibika, ama kwa damu iliyowahi kuganda ndani ya mshipa, ama kwa urithi, kwa uzito wa mwili, kwa mimba kadhaa, kwa umri, basi damu inayosukumwa juu huporomoka tena. Mtu hutembea, na shinikizo halishuki. Usiku na mchana vishipa vyembamba vya ngozi ya kifundo vinabeba mzigo ambao havikuumbiwa.

Kwamba mzigo huo huzaa kidonda lilijulikana zamani. Kilichobishaniwa ni njia yake. John Homans wa Boston, mwaka 1917, aliona kwamba damu hutuama kama maji ya dimbwi, na ngozi ikakosa hewa safi. Mwaka 1982, Browse na Burnand wa London walipendekeza kwamba protini ya kugandisha damu huvuja na kuvizunguka vishipa kama mkufu, ikaizuia oksijeni isiifikie ngozi. Kisha mwaka 1988 yakaja maelezo ambayo, kwa maoni yangu, yaligeuza mjadala. Watafiti wengine wa London waliwaketisha watu miguu ikining'inia, wakachukua damu iliyokuwa ikitoka mguuni na kuhesabu chembe zake nyeupe. Waligundua kwamba baadhi ya chembe zilizoingia mguuni hazikutoka, na kwa wagonjwa wa vena zilizobaki zilikuwa nyingi zaidi kuliko kwa watu wazima wa afya. Coleridge Smith na wenzake walitoa rai mwaka huohuo kwamba chembe hizo zilizonaswa ndizo zinazoiharibu ngozi.

Chembe nyeupe, kama kila mwanafunzi ajuavyo, ni askari wa mwili. Hapo mwanzo ilidhaniwa kwamba zinaziba tu vishipa, kama gari lililokwama kwenye daraja. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa zinafanya zaidi ya kukwama. Kuta za mshipa ulioelemewa hutoa ishara za dhiki. Chembe nyeupe zinapita, zinaisikia ishara, zinang'ang'ania ukutani, zinapenya na kuingia ndani ya ngozi. Wametumwa kumkamata mwizi, na mwizi hayupo. Hakuna kijidudu kilichovamia, hakuna mwiba. Kuna shinikizo tu, ambalo halikamatiki. Basi askari wale hawarudi kambini. Wanaita wenzao, wanamwaga kemikali na vimeng'enya vilivyokusudiwa kusafisha uchafu wa vita, na vimeng'enya hivyo vinaanza kuzitafuna nyuzi za kolajeni zinazoishikilia ngozi. Chembe nyekundu nazo huvuja, zikafa hapo na kuacha chuma chake, ambacho huitia ngozi rangi ya kutu na kuuchochea moto zaidi. Mafuta yaliyo chini ya ngozi hugeuka kovu gumu, na sehemu ya juu ya kifundo hunywea hata mguu ukafanana na chupa iliyopinduliwa. Ngozi ya namna hiyo, ikigongwa na ukingo wa dawati, itajifunga kwa nini?

Kuna ubaya mwingine juu ya huo. Chembe hizohizo zimeonekana katika kuta za vena zenyewe na katika vali zake. Mwaka 2006, John Bergan na wenzake walieleza katika jarida la New England Journal of Medicine jinsi duara hili linavyojizungusha: shinikizo huwasha mchochota, mchochota hula vali, vali iliyoliwa huzidisha shinikizo. Ndiyo maana mwalimu wangu alianza na mguu unaovimba jioni na kunywea asubuhi, akaishia hapa alipo, na asiweze kuonyesha siku moja ambayo ugonjwa ulianza. Hakuna aliyemtegea kitu njiani.

Ukilielewa hili, utaona kwa nini unga wa vidonge haukumfaa. Kiuavijasumu huua vijidudu. Kila kidonda kilicho wazi kina vijidudu juu yake, lakini wengi wao ni wageni waliokuta mlango wazi. Sio waliojenga nyumba. Dawa hizo zina wakati wake, yaani pale dalili za kuvamiwa zinapoonekana: homa, usaha, maumivu yanayozidi, joto linalotambaa kutoka kwenye kidonda. Pasipo dalili hizo, kidonda hakiponi upesi kwa sababu yake, na vijidudu hufundishwa usugu ambao siku moja utamuua mtoto mwenye nimonia. Mwalimu alipewa dawa hizo, kwa hesabu yake, mara 11.

Kinachofaa kwanza ni kitu cha bei nafuu ambacho hakina siri. Ni bendeji ya kubana, inayofungwa kuanzia chini ya vidole hadi karibu na goti, ikibana zaidi kifundoni, kiasi cha milimita 40 za zebaki, na kulegea polepole kuelekea juu. Paul Unna, tabibu wa ngozi wa Hamburg, alikuwa akiwafunga wagonjwa wake bendeji zilizotiwa dawa ya zinki tangu miaka ya 1880, kabla ya mtu yeyote kujua habari za chembe nyeupe katika ngozi ya mguu. Bendeji hubana vena zilizotanuka, damu hukamuliwa juu, shinikizo hushuka, na askari hawaitwi tena. Haya si makisio: vipimo vilivyochukuliwa ndani ya vidonda kabla na baada ya wiki kadhaa za kubanwa vimeonyesha kemikali za mchochota zikipungua. Anayefunga bendeji anazima moto, ingawa mkononi mwake hamna dawa.

Ziko na njia za kuushughulikia mshipa wenyewe. Uchunguzi wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2004, uliohusu wagonjwa 500, ulionyesha kwamba walioongezewa upasuaji wa vena za juu juu juu ya bendeji walipona kwa kasi ileile na wenzao, lakini baada ya mwaka mmoja kidonda kiliwarudia 12 kwa mia, ilhali waliofungwa bendeji pekee kiliwarudia 28 kwa mia. Mwingine wa huko huko, wa mwaka 2018, wenye wagonjwa 450, ulitumia njia za kisasa za kuufunga mshipa kutokea ndani bila kupasua sana. Waliofanyiwa hivyo mapema, nusu yao walikuwa wamepona kufikia siku ya 56. Waliocheleweshwa walihitaji siku 82. Iko pia dawa ya kumeza iitwayo pentoksifilini, ambayo hupunguza ukorofi wa chembe nyeupe na imethibitika kuisaidia bendeji. Nasema kuisaidia.

Hapa sina budi kuweka onyo, nisije nikamwua mtu kwa makala. Si kila kidonda cha mguu kinatokana na vena. Kisukari huleta vyake, na huanzia aghalabu wayoni au vidoleni. Ugonjwa wa selimundu, ambao si mgeni Pwani wala kandokando ya Ziwa Viktoria, huleta vidonda vya kifundo kwa vijana. Kuna ateri zilizoziba, kuna ukoma, kuna saratani, na donda la vena lenyewe likikaa miaka mingi laweza kugeuka saratani. Mguu ambao ateri zake zimeziba ukifungwa bendeji ya kubana huweza kufa. Kwa hiyo bendeji haifungwi kabla muuguzi au daktari hajatafuta mapigo ya damu juu ya unyayo, na inapowezekana kulinganisha shinikizo la damu la kifundo na la mkono. Kazi hiyo huchukua muda mfupi. Mwalimu alingoja miaka saba bila mtu kumfanyia.

Nawaandikia walimu kwa sababu nyingine pia. Kazi yetu ni ya kusimama. Uchunguzi uliofanywa Denmark na kuchapishwa mwaka 2005 uliwaona wafanyakazi waliosimama sehemu kubwa ya siku wakilazwa hospitalini kwa ajili ya vena zilizotanuka kuliko wenzao. Nasi tumejijengea imani kwamba mwalimu aliyeketi darasani ni mvivu, na mkaguzi akimkuta kitini humtazama kama mtu aliyefumaniwa. Sisemi walimu wote walale. Kusimama na kutembea ni vitu viwili tofauti: anayezunguka kati ya madawati anaikamua damu yake, anayeganda mbele ya ubao dakika 40 anaiacha ituame. Wanafunzi nao wanaijua sehemu ya jambo hili kwa miili yao. Yule mwenzao anayeanguka gwarideni asubuhi ya Ijumaa, huku hotuba ikirefushwa, mara nyingi damu yake imebaki miguuni kwa kusimamishwa pasipo kujongea. Angeruhusiwa kupandisha na kushusha visigino, huenda asingeanguka.

Kila mwaka maelfu ya wanafunzi wa shule za upili huchora moyo na mishipa, wakaziandika vali mahali pake kwa kalamu iliyochongwa vizuri, wakapata alama zao. Ningependa kujua ni wangapi waliowahi kurudi nyumbani na kumweleza mama, kwa lugha ya nyumbani, kwa nini mguu wake unavimba jioni. Lawama hii siwatupii wao. Sisi wataalamu wa lugha tumeketi katika makongamano mengi tukibishana iwapo istilahi ikopwe au ibuniwe, na nimeshiriki ubishi huo kwa raha zangu zote. Wakati huo mwalimu wangu alikuwa akifundisha amesimama karibu na dirisha, ili upepo uichukue harufu kabla haijawafikia watoto wa dawati la mbele. Aliniambia hilo akicheka. Alisema kwamba mwaka wake wa mwisho kazini hakuwahi kulifundisha darasa akiwa upande wa ukutani.

Niliondoka naye siku ile hadi hospitali moja yenye muuguzi anayejua kazi hiyo. Mapigo yalitafutwa, yakapatikana, na sukari ikapimwa. Mguu ukafungwa. Tunapoandika haya wiki ya tano imepita. Uvimbe umeshuka hata kiatu cha zamani kinaingia, na kidonda kilichokuwa na upana wa kiganja kimesogea kingo zake na kubaki kiasi cha nusu yake. Huenda kikahitaji miezi mingine kadhaa. Kikifunga, itambidi avae soksi za kubana siku zote za maisha yake, maana vali hazioti tena, na soksi hizo hulegea baada ya miezi sita hivi, zikahitaji kununuliwa nyingine. Amekwisha kuuliza bei na kuilinganisha na malipo yake ya uzeeni.

Nilimsomea rasimu ya makala haya kwa simu. Alinisahihisha mahali pawili, kimoja kikiwa upatanisho wa kisarufi ambao sitautaja hapa kwa kuwa wanafunzi wangu wanasoma gazeti hili. Kuhusu mchochota hakuridhika. Alisema kwamba neno hilo linamfanya afikirie kuchomwa na sindano, na sindano anazo za kutosha. "Mbona usiseme mwako?" akauliza. "Mwako wa vena. Hata mtoto wa darasa la sita atajua kwamba kinachowaka huzimwa, hakipakwi unga."